Mizinga ya Salamu

Mahfoudh bin Saleh aliipenda kazi yake waziwazi, bila kuona haya, na watu wa namna hiyo ni wachache kuliko wanaojidai kuwa hivyo. Alikuwa mpiga mizinga wa boma la Bagamoyo. Mwezi wa Idi ukiandama, aliyewatangazia watu kwa mzinga ni yeye. Manowari ya kigeni ikitia nanga mbele ya mji na kuisalimia bendera nyekundu ya Sayyid wa Unguja, aliyeijibu ni yeye vilevile. Ufunguo wa ghala la baruti aliurithi kwa baba yake, aliyetoka Suri huko Omani akiwa na kanzu moja na ujuzi wa mizinga, na aliuvaa shingoni hata anapokwenda kuoga.

Miaka ishirini na sita ya kazi hiyo ilikuwa imemla masikio. La kulia lilikufa kabisa. La kushoto lilibakiwa na uhai kidogo, wa kumwezesha kusikia adhana na sauti ya mkewe Zeyana, naye akaona hivyo viwili vinamtosha. Alikuwa na nyumba ya mawe, binti, Nunu, aliyeolewa vizuri, na mke anayejua kucheka. Kwa kweli, kama si yale mambo ya mwaka uliopita, Mahfoudh asingekuwa na la kumlalamikia mtu yeyote.

Sasa, salamu za manowari zina adabu zake. Chombo kinachokuja kwa heshima hupiga mizinga ishirini na mmoja, baruti tupu bila tufe, na mji nao unajibu ishirini na mmoja, mmoja kwa mmoja. Ukipunguza, umemdharau mgeni. Na siku zile kumdharau mwenye manowari halikuwa jambo la kuchezea. Mwaka 1885 manowari za Wadachi, yaani Wajerumani, zilikuja zikajipanga mbele ya kasri la Unguja, midomo ya mizinga ikitazama madirisha, na Sayyid akakubali mambo ambayo asingeyakubali hata mara moja kwa barua peke yake. Habari hiyo ilivuka bahari ikafika Bagamoyo kabla ya moshi wa manowari zenyewe kuisha. Tangu hapo kila chombo cha dohani kikionekana, wauza nguo walianza kukunja bidhaa zao.

Basi mwishoni mwa mwaka huohuo ikaja manowari ya Wafaransa, ikapiga salamu zake za mizinga ishirini na mmoja, vizuri kabisa. Mahfoudh akajibu. Mmoja, miwili, mitatu, mpaka tisa. Wa kumi ukasema fsss kama kitumbua kikiingia kwenye mafuta, basi. Baruti ilikuwa imeshika unyevu ghalani. Manowari ikangoja, mji ukangoja, halafu ikashushwa mashua kuja kuuliza kama mji una maradhi. Barua iliyotoka Unguja baada ya hapo, Jemadari wa boma aliisoma peke yake, akaikunja, na hakumwonyesha mtu. Wauza samaki nao hawakumwacha Mahfoudh. Kila akipita walimwonyesha pweza, wakamwambia, "Huyu mikono yake minane, Mzee. Wewe umemzidi mmoja!"

Ndiyo maana habari zilipokuja kwamba Alhamisi ingefika manowari ya Waingereza, Jemadari Abdullatif alimwita Mahfoudh barazani kwake, akamsogelea kushoto na kupaza sauti.

"Liwali yuko Unguja, mwenye dhamana ni mimi. Unanisikia?"

"Nakusikia, Jemadari."

"Salamu zao zikija, tutajibu ishirini na mmoja. Ukipungua hata mzinga mmoja, ufunguo huo nauvua shingoni mwako kwa mkono wangu mwenyewe, nampa Majaliwa."

Majaliwa, ambaye alikuwa mshindiliaji wa Mahfoudh mwaka wa kumi na moja sasa, alikuwa amesimama hapohapo. Alitazama chini kana kwamba aliyekosa ni yeye. Mahfoudh alishika ufunguo, akauona umekuwa mzito ghafla, akaenda zake nyumbani akiwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua katika umri wake wote.

Lakini Mahfoudh hakuwa mtu wa kukaa na hofu akiitazama. Siku ya pili asubuhi alitoa baruti yote ghalani, akaianika juu ya mikeka uani kwake, kwa kuwa ua wa boma ulikuwa na watu wavutao tumbaku. Siku mbili nzima moto haukuwashwa katika nyumba ile. Hapakuwa na uji, hapakuwa na kahawa, hata udi wa kufukiza ulipigwa marufuku.

"Baba Nunu," Zeyana alisema, mkono kiunoni, "mwanamke wa kwanza Bagamoyo kufungiwa jiko bila kupewa talaka ni mimi."

"Vumilia, Mama Nunu. Ni siku mbili."

"Sijasema sivumilii. Nasema nihesabiwe thawabu zangu."

Wakala tende na mikate aliyowaletea jirani yao Bi Mize, ambaye aliipitisha juu ya ukuta kwa mkono mrefu, asithubutu kuingia. Zeyana naye akachukua blanketi la sufu alilopewa na mama mkwe wake, akalikata vipande, akaanza kushona mifuko ya baruti. Ilikuwa lazima iwe sufu. Kitambaa cha pamba huacha makaa ndani ya mzinga, na mshindiliaji akiingiza mfuko mwingine juu ya makaa, hana mkono tena. Alishona kadiri blanketi lilivyotosha, thelathini na minane kwa jumla, ili mifuko mingine iwe ya akiba ikiwa baruti itafanya ukaidi. Mahfoudh akawa anajaza, anapima kwa kibaba, anafunga. Walikaa hivyo mchana kutwa, magoti yakigusana, na ilimjia Mahfoudh kwamba hata akinyang'anywa ufunguo, siku hizi mbili zilikuwa nzuri.

Lililobaki lilikuwa kuhesabu. Mzinga wa kwanza tu ukilia, hata lile sikio la kushoto lilijaa mvumo, na mtu angeweza kupiga kelele mpaka koromeo limtoke asisikike. Kwa hiyo Mahfoudh alikata shauri kuhesabu kwa tasbihi. Mkono wa kulia utashika utambi wa moto, wa kushoto tasbihi, kila mzinga punje moja. Tasbihi yake ilikuwa ya punje thelathini na tatu, zimegawanywa kwa vifundo, kumi na moja, kumi na moja.

"Nikivuka kifundo cha kwanza," alimweleza mkewe, "nahesabu punje kumi, basi, nimemaliza."

Zeyana alikata uzi kwa meno, akamtazama. "Utaweza kukomea hapo?"

"Kwa nini nisiweze?"

"Nauliza tu."

Alhamisi manowari ilitokea upande wa Unguja, dohani mbili na milingoti mitatu. Pwani ya Bagamoyo ina maji haba, chombo kikubwa hakiwezi kuisogelea, nayo ikatia nanga mbali huko, pana kina. Watu walijaa ufukweni. Jemadari alisimama juu ya dari la boma amevaa joho lake la Idi, jambia kiunoni, jasho likimtiririka.

Baada ya sala ya adhuhuri manowari ikaanza. Moshi mweupe ulichomoza ubavuni kwanza, na mlio ukafuata nyuma yake. Mahfoudh hakuusikia kwa sikio. Aliusikia kwa nyayo, alikuwa amevua viatu makusudi. Ishirini na mmoja, kwa mpango, bila kuharakisha wala kuchelewa. Mpiga mizinga wao anaijua kazi, alijisemea, na wivu kidogo ukamwingia.

Kisha kukawa kimya, na kimya hicho kilikuwa chake.

"Bismillahi," alisema, akagusisha utambi.

Mzinga ukalia, boma likatikisika, njiwa wote wakaruka. Mahfoudh akasema, "Allahu akbar," akasogeza punje ya kwanza. Mizinga yake ilikuwa miwili, ikipokezana: mmoja ukilia, mwingine Majaliwa na wenzake wanausafisha kwa mti wenye ngozi ya kondoo iliyoloweshwa, wanatia mfuko, wanashindilia, wanaruka pembeni. Wa pili. Wa tatu. Punje zikapita chini ya kidole gumba. Alipofika wa tisa aligusisha utambi akiwa amefumba macho. Ukalia. Akafumbua macho, akaona wa kumi umeshashindiliwa, akaugusa, nao ukalia!

Hapo Mahfoudh alilia machozi. Hakujificha. Baruti ilikuwa kavu, moshi mweupe ulikuwa unakwenda baharini kama anavyoupenda, na hofu ya mwaka mzima ilikuwa inamtoka kifuani kila mzinga ulipolia. Allahu akbar, punje. Allahu akbar, punje. Midomo yake ikashika mwendo wake wa kila siku baada ya sala, na kidole gumba nacho kikashika wake.

Wa ishirini na mmoja ukalia. Majaliwa akaweka mti wake chini, akapangusa uso, akacheka. Mahfoudh akamkodolea macho.

"Shindilia!"

"Fundi, tume..."

"Shindilia, nimekwambia!"

Angemfanya nini mtu aliyemfundisha kazi yote aijuayo? Majaliwa alitazama dari, hakuona msaada, akatia mfuko akashindilia. Labda Jemadari ameongeza, alifikiri, wakubwa wana mambo yao. Wa ishirini na mbili. Wa ishirini na tatu. Huko juu Jemadari alianza kurusha mikono. Mahfoudh alimwona, akadhani anapongezwa, akampungia mkono wa utambi kwa furaha, akaendelea. Wanawake wa mji, ambao hawakuwa na sababu ya kuhesabu, walipiga vigelegele. Ukelele wa "Idi! Idi!" ukasikika huko nyuma, ingawa Idi ilikuwa imepita miezi mitatu, na mwenye duka mmoja alifunga milango akashika njia ya Mbegani.

Wa thelathini na tatu ulipolia, kidole gumba cha Mahfoudh kiligota kwenye ile punje ndefu inayofunga tasbihi. Akasimama. "Alhamdulillahi," alisema, akaibusu, akaitia mfukoni. Hakuwahi kuwa na raha kama ile.

Ndipo alipogeuka akaona nyuso. Majaliwa alimwonyesha vidole kumi, halafu viwili, akaelekeza juu, maana yake mizinga imezidi. Mahfoudh alitazama rundo la mifuko, akaona mitano tu imebaki. Aliketi chini palepale, juu ya gurudumu la mzinga lililovunjika.

Jemadari alishuka ngazi mbili mbili. "Umetuua!" alipiga kelele, na safari hii hakuhitaji kuchagua sikio. "Ishirini na mmoja ni ya mfalme. Thelathini na mitatu ni ya nani? Watadhani tunawacheza shere! Walioelekeza mizinga Unguja walikuwa na sababu ndogo kuliko hii!"

Huko baharini manowari ilikaa kimya. Bendera ndogondogo zikapanda mlingotini, zikashuka. Kisha mashua ikateremshwa, wavuta makasia kumi, ikaelekea mjini. Mahfoudh aliona mwendo wa makasia yale, juu, chini, juu, chini, na kila yalipozama aliwafikiria watu wake: mkewe, binti yake, mji mzima wa watu waliomtania na kumlisha. Ufunguo hakuufikiria tena.

Aliyeshuka ni nahodha mwenyewe, mtu mrefu mwekundu, na mkalimani wake, Mwinyijuma wa Unguja. Wakasalimiana na Jemadari kwa adabu. Kisha nahodha akasema neno, na Mwinyijuma akalitia katika Kiswahili.

"Bwana anauliza, zile kumi na mbili za ziada ni salamu za nani? Kwa sheria yao kila heshima lazima ijibiwe, naye hajui amjibu nani."

Jemadari alimvuta Mahfoudh mbele, uso wote masizi, akamnong'oneza, "Sema ni za Malkia wao."

"Nini?"

"Za Malkia wao!"

"Sikusikii, Jemadari."

"SEMA NI ZA MALKIA!" Jemadari alifoka, na kila mtu akasikia, na Mwinyijuma akatazama miguu yake ili asicheke.

Mahfoudh alifikiri kidogo. Uongo aliletewa tayari, lakini ulikuwa umeshaharibika, na tena hakuwa na mazoea nao. Akatoa tasbihi mfukoni, akamwonyesha nahodha.

"Mwambie nahesabu kwa hii, kwa kuwa sisikii. Ishirini na moja zilikuwa zake. Halafu nikawa namtaja Mungu, nikaisahau manowari."

Mwinyijuma alitafsiri polepole. Nahodha akaishika tasbihi, akazihesabu punje kwa ukucha, mpaka thelathini na tatu. Akairudisha kwa mikono miwili. Alipozungumza, ukingo wa masharubu yake ulikuwa unatikisika.

"Anasema," Mwinyijuma alieleza, "kitabu chao kina hesabu ya mizinga ya kila mfalme na kila balozi, lakini Huyo hakuandikwa humo. Kwa hiyo hatajibu. Anaomba radhi. Na anasema mpiga mizinga wake tangu saa ile anataka kumwona mtu aliyepiga thelathini na mitatu kwa mizinga miwili mibovu bila kukosea mwendo."

Ufukwe mzima ulishusha pumzi. Na hivyo ndivyo Mahfoudh, aliyejibu manowari miaka ishirini na sita, alivyopanda juu ya manowari kwa mara ya kwanza.

Mpiga mizinga wa manowari alikuwa mzee mwenye ndevu za mvi na pamba masikioni. Walipokutana, Mahfoudh alijigeuza ampe sikio la kushoto, na yule mzee naye akajigeuza vilevile, wakazungukana mara mbili pale sitahani, kila mmoja akimtafutia mwenzake sikio lililo hai, hadi mabaharia wakaanguka kwa kicheko. Wakacheka na wao. Kisha yule mzee akasema kitu kwa kelele.

"Anasema yeye hana tasbihi," alitafsiri Mwinyijuma. "Kati ya mzinga na mzinga hujisemea maneno yaleyale, kwamba asingekuwa mjinga wa kushika kazi hii, sasa hivi angekuwa kwake na mkewe. Akifika mwisho, anapiga."

"Mwambie mimi mke ninaye karibu," alisema Mahfoudh, "ila nimemnyima moto siku mbili."

Akatembezwa. Aliona mzinga mmoja mrefu kuliko sebule yake, hauna kutu hata chembe, hata haushindiliwi kwa mbele. Nyuma una mlango, unafunguliwa kama wa kabati. Alipitisha kiganja juu ya chuma kile na kukipenda, kwa kuwa hakuweza kujizuia. Akauliza unapiga mpaka wapi. Yule mzee akanyoosha kidole juu ya maji, juu ya ufukwe, juu ya mapaa ya makuti, mpaka kwenye minazi ya mashambani huko nyuma ya mji. Mahfoudh akafuata kile kidole kwa macho, halafu akarudi kuitafuta mizinga yake miwili. Kutoka pale hata boma lenyewe halikuzidi ukubwa wa sanduku la nguo, na mizinga haikuonekana kabisa.

Mashua ilipomrudisha, Jemadari alikuwa akimngoja mchangani, Majaliwa nyuma yake, na watu wa mji nyuma yao. Jemadari alinyoosha mkono.

"Ufunguo. Nilikwambia ishirini na mmoja."

Kwamba aliambiwa usipungue, na haukupungua, Mahfoudh angeweza kulisema. Badala yake aliuvua ufunguo wa baba yake akauweka katika kiganja cha Jemadari, na shingo yake ikawa nyepesi, nyepesi vibaya.

"Haya, umeona nini huko?" Jemadari aliuliza. "Mizinga yao inafika wapi?"

"Kutoka pale walipotia nanga, inalipita boma, inaupita mji, inaangukia mashamba ya minazi."

"Na yetu?"

"Yetu haifiki hata nusu ya njia."

Jemadari aliitazama ile manowari. Alitazama boma lake, na joho lake lililolowa jasho, na ufunguo mkononi. Hasira ilikuwa imemtoka, na kilichobaki usoni mwake kilikuwa kama cha mtu aliyeambiwa jambo alilolijua zamani. Kisha, macho yake yakiwa bado baharini, alisema polepole, "Shika ufunguo wako. Kama tulichobakiwa nacho mbele ya watu hawa ni salamu tu, basi na azipige anayeipenda kazi."

Akamrudishia. Mahfoudh aliupokea kwa mikono miwili, akatazama ufunguo, akamtazama Jemadari, akasogeza sikio la kushoto.

"Samahani, Jemadari. Umesemaje?"

Majaliwa alitaka kumweleza, Jemadari akamzuia kwa mkono. Akavuta pumzi, akalisema tena neno lile lote tangu mwanzo, kwa sauti kubwa, mbele ya watu wote.